Sifuri Niliyoiandika Kitandani

Ndugu zangu, mnaonifahamu mtashangaa nikianza na asubuhi nzuri, lakini mambo yalianza hivyo hivyo. Mke wangu alikuwa anafagia ua. Mama alikuwa amekaa mlangoni anaota jua miguuni. Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, baba mmoja, alikuwa anajifunga kitambaa kichwani aende shambani, huku akimtania mke wangu kwamba anafagia hata pasipo na taka. Wote watatu walikuwa wanacheka. Mimi sikuwepo kwenye kicheko hicho kwa sababu nilikuwa bado nimelala, na hapo ndipo habari yangu inapoanza, maana mimi ndiye niliyetakiwa kuamka kabla yao wote.

Kikundi chetu cha wakulima wa pamba kilikuwa na kipimamvua kimoja tu: kopo refu la bati lililosimikwa kwenye nguzo, lina faneli juu na chupa ndani. Kiliwekwa nyuma ya nyumba yangu kwa kuwa ua wangu uko wazi, hauna mti wala paa la kukinga matone. Kila siku saa moja asubuhi nilipaswa kuitoa ile chupa, kumimina maji yake kwenye glasi yenye mistari, kusoma, kuandika kwenye kitabu, kisha kwenda kupandisha kitambaa kwenye mlingoti wa ghala letu. Kitambaa cheupe maana yake ingieni shambani. Chekundu maana yake kaeni nje siku mbili. Watu walinipa jina la Bwana Mvua, na sitawaficha, jina lile lilinikaa vizuri. Nilikuwa naitika hata kabla sijaitwa.

Msidhani sheria ya kitambaa ilikuwa mchezo. Bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo anayekuja kwetu na pikipiki, alitueleza miaka mingi iliyopita, baada ya msimu mmoja kutuacha mikono mitupu. Kuna ugonjwa wa pamba unaoanza na madoa madogo kwenye jani, madoa yenye kona, kana kwamba yamekatwa kwa mkasi. Ukiliinua jani kuelekea jua, doa linaonekana limelowa. Baadaye linakuwa jeusi, shina nalo linapiga weusi, vitumba vinaoza kabla ya kupasuka, na pamba inayotoka inakuwa na rangi ya chai. Ukipiga ukame, ugonjwa huo unalala usingizi. Joto na mvua vikikutana, unaamka. Tone la mvua lenye upepo linapiga jani gonjwa na kurukia jirani. Na mtu akipita katikati ya pamba iliyolowa, suruali yake, gauni lake na jembe lake vinafanya kazi ile ile ya tone, tena kwa haraka zaidi. Ubaya wake ni kwamba pamba ikishafika kiunoni, majani ya juu hukauka mapema na kukudanganya, ilhali chini bado kuna maji hadi mchana. Ndiyo maana tuliamua tusiyaamini macho, tuamini chupa.

Sasa niwaeleze kuhusu mdogo wangu, kwa kuwa yeye ndiye niliyemuumiza. Aliachika akarudi nyumbani na sanduku moja, akapewa kitanda kwenye chumba cha mama. Hakuna aliyemsema vibaya, lakini mtu mzima kulala chumba kimoja na mama yake, akiomba ruhusa hata ya kuhamisha kiti, mnajua wenyewe inavyokuwa. Kikundi kilikuwa na shamba la mbegu, shamba ambalo mbegu zake ndizo tunazopanda wote mwaka unaofuata. Utaratibu wetu ulikuwa huu: anayelitunza misimu mitatu mfululizo bila ugonjwa, shamba linakuwa lake na anaruhusiwa kujenga pembeni. Watu wengi walijaribu wakashindwa. Yeye alikuwa kwenye msimu wa tatu. Alikuwa anageuza jani moja moja, hata wakambandika jina la Mkaguzi. Alishachagua mahali pa mlango wa nyumba yake, na alishaweka mawe mawili hapo ili asipasahau.

Halafu mimi nikanunua simu kubwa.

Simu ile ilikuwa na utabiri wa hali ya hewa. Ukigusa, unaona picha ya jua au ya wingu, na chini yake namba ya milimita. Siku ya kwanza niliilinganisha na chupa, zikakaribiana. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu kulikuwa na baridi, nikajiuliza kwa nini nitoke nje ilhali jambo lenyewe liko mkononi. Nikaandika kitandani. Kuanzia hapo miguu yangu ikaisahau njia ya nyuma ya nyumba. Simu ilikuwa inasema hali ya mji ulio mbali nasi, mwendo wa saa mbili kwa basi. Na mvua zetu mnazijua, zinanyesha upande huu wa barabara na upande wa pili watu wanakula vumbi. Lakini nani angenihoji? Mimi si ndiye Bwana Mvua?

Siku ya palizi, alfajiri, mke wangu alinitikisa bega.

"Mume wangu, mvua inapiga bati. Amka ukapime."

"Manyunyu hayo."

"Manyunyu gani yenye kelele hivi?"

Nikafungua simu kwa jicho moja. Picha ya jua. Chini yake sifuri. Nikaandika sifuri, nikageukia ukutani. Kulipokucha, juu kulikuwa kweupe na jua kali, joto la kutoa jasho. Nikajipongeza. Nikaenda ghalani, nikapandisha kitambaa cheupe, nikala kiamsha kinywa changu kama mtu aliyefanya kazi.

Palizi yetu ni ya zamu. Watu ishirini tunaingia shamba la huyu, tukimaliza tunahamia la yule. Siku hiyo tulianza kwa fundi cherehani, mama mmoja mwenye maneno mengi na moyo mzuri, ambaye pamba yake ilikuwa imeanza kuonyesha madoa kwenye kona moja. Tulilima humo kwa saa mbili, tukatoka tumelowa mapajani, tukadhani ni jasho na umande. Kutoka hapo tukaenda moja kwa moja shamba la mbegu.

Mdogo wangu alitusubiri kwenye mpaka. Alikuwa amechuchumaa, mkono ameuingiza chini ya majani.

"Kaka," aliniambia mbele ya watu wote, "huku chini kuna maji. Hebu njoo ushike."

"Umande huo."

"Umande hauchuruziki hivi, kaka. Na alfajiri mimi na mama tumesikia bati likilia."

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa. Ilikuwa ni kusema tu, jamani tungojeni, nikapime upya. Maneno manne. Lakini macho ishirini na zaidi yalikuwa yananitazama, na niliona aibu kuambiwa na mdogo wangu. Leo ndiyo naona aibu ilikuwa ya kitu gani.

"Wewe una masikio, mimi nina kitabu," nilisema kwa sauti ili wa nyuma nao wasikie. "Kitabu kinasema sifuri. Unataka watu wote hawa warudi nyumbani kwa ajili ya masikio yako?"

Watu wakacheka. Fundi cherehani akadakia, "Leo Mkaguzi anamkagua hadi kaka yake!" Wakacheka tena.

Mdogo wangu akasimama, akafuta mkono kwenye gauni. "Haya, kaka. Wewe ndiye unayejua." Akachukua jembe, akawa wa kwanza kuingia, na sisi tukamfuata na nguo zetu zilizolowa.

Siku ya kumi na mbili madoa yalitokea. Hayakutokea kwenye kona kama kwa fundi cherehani. Yalitokea kwa mistari, mstari baada ya mstari, kule kule tulikopita. Mvua nyingine mbili zikaja na upepo, zikamalizia. Mdogo wangu alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni. Mama akimwekea chakula, anakigeuzageuza tu.

Mkutano ukaitishwa ghalani. Mwenyekiti wetu ni mtu wa haki, haongei sana. Bibi shamba alikuja na majani matatu ndani ya mfuko wa nailoni, akaomba kitabu changu cha mvua. Akakisoma polepole, kidole kikishuka na tarehe.

"Sielewi," akasema. "Ugonjwa huu hautembei wenyewe, unabebwa na maji. Lakini kitabu kinaonyesha wiki nzima ya palizi ilikuwa kavu. Kama ilikuwa kavu, basi ugonjwa ulikuwa ndani ya shamba tangu mwanzo. Kwenye mbegu, au kwenye mashina ya mwaka jana ambayo hayakuchomwa."

Watu wote wakageuka kumtazama mdogo wangu.

"Mashina niliyang'oa yote na kuyachoma," alisema. "Mbegu sikuchanganya hata punje moja."

"Na siku ya palizi," bibi shamba akauliza, "majani hayakuwa na maji?"

Mdogo wangu akanitazama. Kisha akasema kwa upole, bila hasira yoyote, "Muulizeni kaka. Yeye ndiye anayepima."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Alinifungulia yeye mwenyewe. Nikakohoa. Nikasema, "Kitabu kiko hapo mezani."

Basi. Nilisema hivyo tu. Sikuongeza uongo mpya, nikajidanganya kwamba kwa kuwa sikuongeza, sikusema uongo. Mwenyekiti akatoa uamuzi kwa huzuni: shamba la mbegu linaondoka mikononi mwa mdogo wangu. Kisha akanigeukia. "Bwana Mvua, wewe kitabu chako hakina hata siku moja iliyorukwa. Tumeonelea shamba hilo ulishike wewe."

Watu wakapiga makofi. Nami nikasema, "Asanteni."

Nimewahi kuiba embe za watu utotoni, nimewahi kumdanganya mke wangu, lakini hakuna neno lililowahi kutoka kinywani mwangu ninalotamani kulirudisha kama hilo la asanteni.

Nilipofika nyumbani nilienda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nilikumbuka kwamba chupa sijaigusa siku nyingi, na kwamba maji yaliyomo yangeweza kunisema. Nikafunua kopo. Chupa haikuwemo. Faneli ilikuwa na utando wa buibui.

"Unaitafuta hii?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameishika chupa mikononi, ameiziba mdomo kwa nailoni na uzi.

"Niliitoa jioni ile ile ya palizi," alisema. "Asubuhi ya siku iliyotangulia nilikuwa nimeimwaga mwenyewe, niliona imejaa hadi inafurika na wewe huna habari. Kwa hiyo haya ni maji ya usiku mmoja tu. Milimita ishirini na tatu. Nimepima mara tatu kwa glasi yako."

Siku kumi na tano chupa haikuwemo kwenye kopo, na mimi mpimaji sikujua.

"Kwa nini hukusema mkutanoni?" nilimuuliza. Ndiyo, niliweza kumuuliza yeye swali hilo.

"Wewe ni kaka yangu. Nilipoachika ni wewe uliyenibebea sanduku kutoka kituo cha basi. Nilisema nitakungoja. Niliichukua hii chupa hadi ghalani leo, ilikuwa ndani ya kikapu chini ya kiti changu. Nikakungoja hadi dakika ya mwisho." Alifungua ule uzi taratibu. "Uliposema asanteni, nikajua nimengoja bure."

Akaipindua chupa. Maji yakamwagika kwenye vumbi, yakafanya doa, na kwa lile jua doa halikukaa muda mrefu.

"Ushahidi umekwisha, kaka. Sasa umebaki wewe."

Kesho yake aliondoka na lile sanduku. Safari hii hakuna aliyembebea. Alikwenda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akapata kibarua cha kutenga pamba safi na ile iliyobadilika rangi. Mama hakuniuliza kitu. Alikuwa anakaa mlangoni pale pale, ila kiti chake alikigeuza, akawa anaangalia barabara na mgongo akaupa ua wangu. Mke wangu alinipikia, akanifulia, akanijibu nikimsemesha. Zaidi ya hapo hapana.

Wiki tatu nilikaa hivyo. Sikuitafuta chupa nyingine. Kila asubuhi nilipandisha kitambaa chekundu, hata siku za ukavu, kwa kuwa nilikuwa naogopa cheupe. Watu wakanisifu kwa kuwa mwangalifu.

Ikafika siku ya kung'oa pamba gonjwa ya shamba la mbegu na kuichoma. Asubuhi hiyo nilishindwa kuchagua kitambaa, nikavibeba vyote viwili begani. Walikuja wale wale ishirini, na majembe yale yale. Usiku kulikuwa na ngurumo, hakuna aliyejua kama ilinyesha huku au ng'ambo. Kando ya shamba hilo kulikuwa na shamba la jirani ambalo lilikuwa bado zima, na ilibidi tupite katikati yake ili kufika. Wakasimama kwenye mpaka, pale pale alipochuchumaa mdogo wangu, wakaniangalia.

"Bwana Mvua," fundi cherehani akasema, "tuingie au tusiingie?"

Simu ilikuwa mfukoni. Niliigusa kwa juu ya kitambaa cha suruali. Kisha nikaona yale mawe mawili pembeni, mahali pa mlango.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini? Usiku imenyesha ngapi?"

"Sijui. Na siku ile ya palizi pia sikujua. Kwenye kopo hakuna chupa. Nilikuwa naandika kitandani kutoka kwenye simu. Usiku ule ilinyesha milimita ishirini na tatu, nikaandika sifuri. Mdogo wangu alisema kweli mbele yenu, nikamfanya kichekesho, mkacheka. Ugonjwa tuliupeleka sisi kwa nguo zetu, na mimi ndiye niliyewafungulia njia."

Nilitarajia matusi. Ningeyapokea. Hakuna aliyetukana. Fundi cherehani aliangalia gauni lake, lile lile alilovaa siku ya palizi, akaanza kulipangusa kana kwamba bado limelowa. Mwenyekiti alininyooshea mkono, nikadhani anataka kunisalimia. Alikuwa anataka vitambaa. Nikampa vyote viwili.

"Kamlete dada yako," akasema. "Kwa miguu yako."

Nilimkuta kwenye uwanja wa kiwanda, amekaa juu ya gunia, rundo la pamba nyeupe kushoto, ya rangi ya chai kulia. Rundo la kulia lilikuwa kubwa. Pamba ya mashamba yetu mengine nayo ilikuwa humo, maana baada ya shamba la mbegu tulipalilia mengine manne siku zilizofuata, na nguo zetu hazikuchagua. Hakuinua kichwa.

"Nimesema," nilimwambia.

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote. Bibi shamba nitamwendea kesho."

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu."

Akachambua pamba ya mkononi mwake kwa muda. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. "Basi ngoja nimalize hili gunia," akasema. Nikangoja nikiwa nimesimama.

Kikundi kilikubaliana kwamba msimu ule usihesabiwe juu yake. Alirudishiwa shamba, likang'olewa, likachomwa, likapumzishwa pamba msimu mmoja, na tulinunua mbegu safi kutoka mbali. Msimu uliofuata ulitoka bila doa, ukawa wa tatu wake. Nyumba yake ya vyumba viwili imesimama pale, mlango uko penye yale mawe. Mama amehamia huko. Kipimamvua nacho kiko kwenye ua wake, na kitabu ni chake.

FUNZO

Wazazi wangu, ndugu zangu, na ninyi vijana wenye simu kubwa kuliko yangu: ugonjwa wa pamba unataka vitu viwili, joto na maji, na sisi tukaupa cha tatu, mtu wa kuubeba. Mvua hatuwezi kuizuia. Tunachoweza ni kuijua, na kukaa nje ya shamba hadi majani ya chini yakauke. Kwa hiyo aliyepewa kazi ya kupima na apime. Asikisie, asinakili ya mji mwingine, wala asijaze nafasi ili ukurasa upendeze. Kama hakupima, aandike kwamba hakupima. Na akitokea mtu akasema nimeshika, kuna maji, basi nenda ukashike na wewe, hata kama ni mdogo wako, hata kama watu wanatazama. Anayekosea na kunyamaza hanyamazi peke yake, kuna mwingine anayelipia ukimya huo, na mara nyingi ni yule anayempenda.

Mimi nilisema, lakini nilichelewa wiki tano, na siwezi kuwaficha bei yake. Mdogo wangu amenisamehe. Ananikaribisha, ananipa kiti, ananiita kaka kama zamani. Kila asubuhi nasimama kwenye ua wake nangoja aniambie kama naruhusiwa kwenda shambani kwangu. Ila nikifika na kumwambia jambo lolote, hata kama ni kwamba jua limetoka, kwanza anachungulia dirishani.